Betri Imekufa, Kamera Haijafa

Siku hizi ukitaja kamera ya mkanda mbele ya watu wanaojidai kuzijua, hutasikia neno juu ya lenzi wala shata. Utasikia habari ya betri. Mtu ataichukua Olympus OM-1 au Minolta SR-T 101 iliyotunzwa vizuri, ataigeuza tumbo juu, atafungua kifuniko cha betri kwa sarafu, atachungulia kile kishimo kitupu, kisha atatoa hukumu: betri ya hii, ya zebaki, ilipigwa marufuku, haitengenezwi tena, kwa hiyo hili ni pambo la kabati. Wauza mitumba wanaisema hukumu hiyo. Wapiga picha wa harusi wanaisema. Hata wakusanyaji wa kamera, waliopaswa kuwa mawakili wake, wanaikariri, na baadhi yao huikumbuka wanaponunua na kuisahau wanapouza.

Hukumu hiyo haina msingi. Imekosea kitu chenyewe inachokihukumu, kwa kuwa inachanganya kamera na kipima mwanga kilichopandikizwa ndani yake.

Tuanze na chuma. OM-1, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani na kutoka mwaka 1972 (mwanzo ikiitwa M-1, mpaka watengenezaji wa Leica walipolalamika kwamba herufi hiyo ni yao), inaendeshwa na springi na magurudumu yenye meno. Unapovuta wenzo wa kusogeza mkanda, kidole gumba chako ndicho kinachotia nguvu kwenye springi za shata. Unapobonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, pazia la kwanza la kitambaa linakimbia, magurudumu yanahesabu muda uliouchagua, pazia la pili linafuata. Kuanzia sekunde nzima hadi 1/1000 ya sekunde, umeme hauna kazi hapo. Umeme wa betri unakwenda mahali pamoja tu: kwenye mshale mwembamba unaouona ukichungulia, unaokuambia kama mwanga unatosha. Ukitoa betri, mshale unalala na kamera inaendelea na kazi. Ndivyo ilivyo kwa Pentax Spotmatic ya mwaka 1964, SR-T 101 ya 1966, Nikkormat FTn ya 1967, Canon FTb ya 1971, Pentax K1000 ya 1976 na Nikon FM ya 1977.

Kusema kamera hizi zimekufa ni sawa na kusema daladala imekufa kwa sababu mshale wake wa spidi haupandi. Daladala ngapi za Gongo la Mboto zinafika Kariakoo kila asubuhi mshale ukiwa umelala kwenye sifuri?

Historia nayo haiwasaidii mahakimu hawa. Leica M3 ya mwaka 1954 ilitoka kiwandani bila kipima mwanga ndani yake. Nikon F ya mwaka 1959, iliyozunguka na waandishi wa habari kwenye vita vya nusu ya dunia, ilianza vivyo hivyo; kichwa chenye kipima mwanga kilikuja baadaye, kama nyongeza ya kununua. Huku kwetu, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, na watu wa Unguja walipita mbele ya lenzi zake kwa takriban miongo mitatu kabla ya viwanda kuanza kutia betri za zebaki kwenye kamera. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alijifunzia kwenye Box Brownie, kisanduku kisicho na mahali pa kuweka betri ya kupimia mwanga.

Walipimaje mwanga? Kwa macho, kwa mazoea, na kwa maelezo yaliyochapwa kwenye boksi la mkanda. Kanuni yenyewe inaingia kichwani kwa muda mfupi: jua likiwa wazi, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na spidi ya shata iliyo karibu na namba ya ASA ya mkanda, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga. Mkanda wa ASA 100, basi spidi 1/125. Kwenye mchanga mweupe wa Paje saa saba mchana, funga hadi f/22. Wingu jepesi linalofifisha vivuli, f/11. Wingu zito, f/5.6. Chini ya mwembe, f/4. Ulaya ya kaskazini, ambako jua la Desemba linatambaa chini ya paa za nyumba, kanuni hii inahitaji marekebisho mengi. Kwetu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, jua liko juu na linasema jambo moja. Anayeshindwa kupiga picha Dodoma mwezi wa Agosti kwa sababu mshale umelala hana shida ya betri. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Huyu jua analo tele, kwa hiyo anasingizia kidonge cha betri.

Kundi la pili linajua mambo zaidi, na kwa hiyo makosa yake ni ya kujitakia. Hawa wanakubali kwamba shata inafanya kazi bila umeme. Wanachoshikilia ni kwamba kipima mwanga bila betri ya volti 1.35 ni mwongo, na bila kipima mwanga mkweli picha zitaharibika, kwa hiyo ama upate betri ileile ama usijisumbue. Hapa kuna ukweli, na inafaa tuupime ukubwa wake.

Betri ya zebaki ilitokana na kazi ya Samuel Ruben wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilipotaka betri za redio zisizoharibika kwenye joto na unyevu wa nchi za tropiki. Ikaja kutengenezwa na kampuni ya Mallory, ambayo baadaye ikawa Duracell. Wabunifu wa kamera waliipendea tabia moja: inashikilia volti 1.35 karibu maisha yake yote, kisha inaanguka ghafla. Kwa kuwa betri yenyewe ilikuwa thabiti namna ile, wengi wao hawakuhangaika kuweka saketi ya kusawazisha volti. Waliigeuza betri kuwa sehemu ya kipimo. Uamuzi ule ulikuwa wa busara mwaka 1966, na ndio unaotusumbua leo.

Sasa nenda dukani. Utakuta PX625A, betri ya alkalaini yenye umbo la ile ya zamani, inayoingia kishimoni bila kuhitaji chochote. Huo ndio mtego. Inaanza na volti 1.5 na kushuka polepole kila inapotumika, hivyo kipima mwanga kinasema hiki leo na kile mwezi ujao. Volti ikizidi, mshale unadhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, unakushauri ufunge lenzi, na negativu inatoka nyepesi, vivuli vikiwa vitupu. Kosa lenyewe kwa kawaida ni nusu stopu hadi stopu moja na ushee, na stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu. Tena kosa hilo haliwi sawa kwenye mwanga mkali na kwenye mwanga hafifu, kwa hiyo hakuna hesabu moja ya kulimaliza.

Lakini kutoka hapo hadi kwenye hukumu ya kifo ni mbali sana. Betri ya saa ya SR44, ya oksaidi ya fedha, ina volti 1.55 na haishuki mpaka inapokaribia kufa. Kosa lake linatulia, na kosa lililotulia linarekebishika: mkanda ni wa ASA 400, wewe kiambie kipima mwanga ni ASA 200, basi. Mikanda ya negativu, ya rangi na ya nyeusi na nyeupe, inavumilia mwanga uliozidi kwa stopu moja bila kunung'unika. Kinachoiumiza ni mwanga pungufu. Mwenye mkanda wa slaidi hana nafasi hiyo ya kukosea, na yeye namshauri dawa nyingine, ambayo ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu inapatikana mahali ambapo mpiga picha hafikirii kwenda: panapouzwa vifaa vya kusaidia kusikia.

Betri namba 675 ya vifaa hivyo, yenye kibandiko cha buluu, ni ya zinki na hewa. Ukibandua kibandiko, hewa inaingia kwa vitundu vidogo na betri inaamka, ikitoa kati ya volti 1.35 na 1.4 bila kuyumba. Ni nyembamba kuliko kidonge cha zamani: upana wake ni milimita 11.6, wakati kishimo kinataka kama 16. Pete ya mpira ya fundi bomba inaziba pengo, na kipande cha karatasi ya aluminiamu kilichokunjwa kinaongeza kimo. Kasoro yake ni kwamba ikishaamshwa hailali tena. Baada ya wiki kadhaa, au miezi michache, imekwisha hata kama hukupiga picha. Sasa, kitu cha bei ndogo kinachobadilishwa mara chache kwa mwaka ndicho sababu ya kuitupa OM-1?

Asiyetaka kuhangaika na pete za mpira anaweza kununua adapta ya MR-9 kutoka Japani, inayobeba betri ndogo ya fedha na kuipunguzia volti humohumo ndani. Na fundi redio mwenye mkono mwepesi anaweza kuunga diodi ya Schottky kwenye waya wa betri, ikala zile volti 0.2 zilizozidi. Spotmatic haihitaji hata hayo. Wahandisi wa Pentax waliipa saketi ya daraja, inayolinganisha pande mbili badala ya kutegemea nguvu ya betri, kwa hiyo volti 1.35 au 1.55 kwake ni mamoja. Bado ukiishika Spotmatic sokoni, kuna atakayekuambia betri yake haipo.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa 1.35 hawalisemi. Shata ya miaka hamsini iliyoandikwa 1/1000 ni nadra kukimbia kwa 1/1000 kamili. Mafuta yamekauka, springi zimechoka. Chembe ya kadimiamu inayopima mwanga nayo ina ukaidi wake: ukiielekeza kwenye jua kisha ukaingia chumbani, inabaki imeduwaa kwa muda na majibu yake hayaaminiki. Kwenye mashine yenye ulegevu wa aina hiyo, mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya tofauti ya volti 0.2 anatafuta sababu ya kutopiga picha.

Kundi la tatu ndilo linaloniudhi. Hawa wanaomboleza zebaki. Wanasema sheria za mazingira ziliwapokonya haki yao, kwamba kidonge cha gramu chache hakikumdhuru mtu, na wanahangaika kutafuta akiba za zamani zilizofichwa kwenye maghala ya watu. Marekani ilipiga marufuku kuuza vidonge vya oksaidi ya zebaki mwaka 1996, na Ulaya nayo ikafunga mlango katika miaka hiyohiyo. Kisha ukaja mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa Japani Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Unaitwa Mkataba wa Minamata, na mpenzi wa kamera za zamani ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kuulalamikia.

Minamata ni mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Kiwanda cha Chisso kilitumia zebaki katika kutengeneza kemikali na kumwaga maji machafu baharini tangu mwaka 1932 hadi 1968. Zebaki iliingia kwenye samaki, samaki wakaingia kwenye sufuria. Paka walianza kucheza kama wenye wazimu na kufa; mwezi Mei 1956 ugonjwa wa ajabu uliokuwa ukiwashika watu ulitangazwa rasmi. Watu walipoteza hisia za mikono, macho na matamko, na watoto walizaliwa viungo vyao vikiwa vimepinda, mama zao wakiwa wamekula samaki. Mwaka 1971 mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith alihamia huko na mkewe Aileen na kuishi na wagonjwa hao kwa miaka kadhaa. Januari 1972, kwenye kiwanda kingine cha Chisso huko Goi, alipigwa na watu wa kampuni mpaka macho yake yakapata madhara. Juni mwaka huohuo picha zake zikatoka kwenye jarida la Life, na mwaka 1975 zikawa kitabu.

Kamera aliyoitumia ilikuwa Minolta SR-T 101. Nchi za dunia ziliijua sumu ya zebaki kwa macho ya kamera ambayo chini yake, kwenye kile kishimo kinachofunguliwa kwa sarafu, palitengenezwa mahali pa kidonge cha zebaki. Sidhani Smith angemwelewa mtu anayelia leo kwamba SR-T yake imeharibiwa na watetezi wa mazingira. Picha zile ni sehemu ya sababu za sheria zile kuwapo.

Na kama Minamata ni mbali, msomaji wa Geita, Chunya au Migori hahitaji kusimuliwa zebaki ni nini. Anaijua kwenye karai la mchimbaji mdogo, inakandwa na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha inachomwa juu ya jiko, moshi ukipita puani mwa mchomaji na wanawe. Tunawaambia wachimbaji waiache, nao wakiiacha wanapunguza mkate wao. Halafu mkusanyaji wa kamera mjini, ambaye hapunguzi chochote, adai aruhusiwe zebaki yake kwa ajili ya mshale? Kidonge kimoja ni kidogo, kweli. Lakini vilitengenezwa kwa ajili ya kamera, saa na vifaa vya kusikia vya dunia nzima, kila kimoja takriban theluthi ya uzito wake ikiwa zebaki, na kwetu kidonge kilichokwisha huishia jalalani, na jalala huchomwa moto. Marufuku ile ilikuwa sahihi. Wala haikuua kamera hata moja.

Haki ni haki, lakini: zipo kamera zinazokufa kweli bila betri, na hizi ndizo wanazozisifu walewale wanaoiponda OM-1. Canon AE-1 ya mwaka 1976 inatumia betri ya volti 6, 4LR44, ambayo bado inatengenezwa na inapatikana kwa urahisi; inatumika hata kwenye mikanda ya shingoni ya kufunzia mbwa. Kwa hiyo wanasema: nunua AE-1, betri yake ipo. Ni ushauri wa kichwa chini miguu juu. AE-1 bila betri haifyatui shata. Betri ikiisha katikati ya harusi na huna nyingine mfukoni, umebeba jiwe, na saketi yake ikiungua ni mafundi wachache watakaokuambia njoo kesho. Swali la "betri yake ipo?" ni dogo. Swali kubwa ni kamera inabaki na nini betri ikitoka. OM-1 inabaki na spidi zake zote. Nikon FE, ndugu wa FM aliyetiwa saketi, inabaki na spidi moja ya 1/90. Yashica Electro 35, iliyotengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 5.6 na inayokubali volti 6 za leo bila fitina, inabaki na 1/500. Ukiwa na mkanda wa ASA 100 chini ya jua wazi, 1/500 kwa f/8 ndiyo ileile kanuni ya f/16. Hata Electro iliyokufa, basi, inapiga picha saa sita mchana.

Kero halisi za betri kwenye kamera hizi zipo, na zinapaswa kusemwa badala ya hekaya. K1000 haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Usipofunika lenzi, mwanga unakunywa betri usiku na mchana. Nikon FM huwashwa kwa kuvuta wenzo wa mkanda nje kidogo. Ukisahau kuurudisha, betri inakwisha ndani ya begi, na anayechungulia kwa jicho la kushoto anachomwa usoni na wenzo huohuo. Rollei 35 ya mwaka 1966, kamera ndogo tamu kuliko zote, ina kishimo cha betri ndani, upande wa mkanda, kwa hiyo betri ikifa katikati ya mkanda huwezi kuibadilisha bila kuuanika mkanda wote kwenye jua. Mhandisi aliyeamua hivyo sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Ni kero tu hizi. Hakuna hata moja iliyo sababu ya kuitia kamera kabatini.

Kabati lenyewe, tukishafika hapo, limeua kamera nyingi kuliko marufuku ya zebaki. Mkusanyaji ananunua, anafuta vumbi, anatia betri ya alkalaini ajaribu mshale, anafurahi, anaifungia kamera kwenye kioo na kuisahau. Betri inavuja. Magadi yake yanapanda kwenye waya, yanakuwa ukungu wa kijani, yanaula mpaka kwenye kipima mwanga. Hapo kamera imepata jeraha la betri kweli, na aliyelisababisha ni yule aliyekuwa akilia betri haipo. Pamba yenye siki au ndimu kidogo husafisha kishimo kilichoshikwa mapema, kwa sababu asidi inalainisha magadi. Ukichelewa, ni kubadilisha waya. Pwani kuna adui mwingine, unyevu, unaootesha kuvu ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Na shata isiyofyatuliwa inakauka na kuganda kwenye spidi za polepole. Kamera ya mitambo inataka kutumiwa. Mkusanyaji anayejivunia kwamba zake hazijaguswa anajivunia ugonjwa.

Watakuja basi na simu. Wana simu yenye kamera, wanauliza, ya nini chuma hiki? Sina ugomvi na simu. Nina ugomvi na mtu anayenionya kuhusu betri huku ameshika kifaa kisichoweza kupiga picha hata moja bila betri, na ambacho betri yake imefungiwa kwa gundi asiifikie. Kamera za dijitali za miaka ya 2000 mwanzoni zimejaa kwenye madroo ya watu, nzima kabisa, kila chapa na betri yake ya umbo lake, na kiwanda kikiacha kuitengeneza hakuna pete ya mpira wala karatasi ya aluminiamu itakayoiokoa. Betri hizo za lithiamu nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kule Kolwezi na kandokando yake, ambako wachimbaji wanaitana mashimoni kwa Kiswahili. Anayesema kamera ya mkanda ina tatizo la betri angeanza hesabu hapo. Simu ninaisifu kwa kazi moja: kuna programu za bure zinazoigeuza kuwa kipima mwanga, tena kinachotosha kabisa. Mshale wa OM-1 ukilala, toa simu, soma, rudisha mfukoni, piga picha kwa kamera.

Hoja yenye uzito dhidi ya kamera hizi ni ya mkanda, wala siyo ya betri. Mikanda ni ghali, inaagizwa, na maabara za kusafisha zimebaki kuhesabika. Hilo nalikubali bila kupepesa. Mwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe anaweza kuusafisha mwenyewe jikoni, hata kwa kahawa ya unga inayoyeyuka, magadi ya kufulia na vitamini C; robusta ya bei nafuu, kama inayolimwa Bukoba, inasifiwa kwa kazi hiyo kuliko kahawa za kifahari. Harufu yake ni ya kufukuza wageni. Lakini gharama ya mkanda ni hoja ya kupiga picha chache, haigeuzi kamera kuwa chuma chakavu.

Kwa hiyo msomaji, ukiiona kamera ya mitambo sokoni na muuzaji akaanza wimbo wa betri, mwachie aimbe, kwa kuwa wimbo huo unashusha bei. Wewe fungua kishimo uangalie kama kuna ukungu wa kijani. Hakikisha hakuna betri ndani. Fungua mgongo wa kamera, ielekeze kwenye mwanga, uifyatue kwa spidi zote, kutoka sekunde moja hadi mwisho, ukisikiliza na kuangalia mapazia yakifunguka. Chungulia lenzi kwa tochi utafute kuvu. Zikipita hapo, lipa na uondoke nayo. Betri utanunua ukifika nyumbani, au usinunue kabisa.